Simba hana kazi, ndiyo maana anabomoa

Shikamoo Dokta,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tanga, pembezoni mwa mji. Mwaka juzi tuliibiwa mara mbili, ndipo mume wangu akanunua mbwa, chotara wa German Shepherd na mbwa wa kienyeji. Tulimwita Simba. Alikuja mtoto kabisa, sasa ni dume kubwa la miaka miwili.

Simba anakaa bandani kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 2 usiku. Mchana hatumfungulii kwa sababu wageni wanaingia na kutoka, kuna kuku wangu, na mama mkwe tunayeishi naye ni mtu wa dini, hataki mate ya mbwa yaguse nguo zake za kuswalia. Usiku ndiyo anafunguliwa azunguke uani alinde. Chakula anakipata mara moja, jioni: ugali wa dona na dagaa, siku nyingine utumbo. Hana njaa, Dokta, na maji anayo.

Shida ni tabia. Amechimba shimo chini ya geti, tukilifukia leo kesho lipo tena. Ameshusha kanga zangu kwenye kamba akazichana, ndala za watoto hazihesabiki. Usiku anabweka jani likidondoka, paka akipita, bodaboda ikisikika mtaa wa tatu, mpaka jirani ametupeleka kwa mwenyekiti wa mtaa. Na siku hizi kuna jipya: anajizungusha akifukuza mkia wake. Watoto wanacheka na kumpigia makofi, lakini mimi ananitia hofu, maana hata nikimwita hasikii.

Mume wangu amechoka, anasema tumfunge mnyororo. Fundi aliyetujengea ukuta anasema mbwa wa ulinzi hatakiwi kuzoeana na watu, akifungiwa ndiyo anakuwa mkali. Shemeji anashauri tulete mbwa wa pili wachangamshane. Na kuna mtu anataka kumnunua. Kwenye simu naona mbwa wa Ulaya wanachezea midude ya plastiki ya bei kubwa, sisi uwezo huo hatuna. Naomba uniambie ukweli: mbwa wa ulinzi naye anahitaji kucheza, au Simba ni mkorofi tu?

Mama Watatu, Tanga

*

Marahaba, mwanangu. Nashukuru umeniandikia kabla mnyororo haujanunuliwa.

Simba si mkorofi. Simba hana kazi. Ana akili nyingi, pua kali na miguu ya kukimbia, halafu saa 13 za kila siku anatazama ukuta. Ukimtazama hivyo utaona kila anachokifanya kina sababu. Anachimba chini ya geti kwa kuwa pale ndipo harufu ya mtaa inapoingilia: watu, mbwa wengine, mbuzi, muuza samaki. Kanga inacheza na upepo na imebeba harufu yako wewe unayemlisha. Na mle bandani, mchana kutwa, kitu pekee kinachosogea ni mkia wake.

Fikiria na damu aliyonayo. German Shepherd ametokana na mbwa wa wachungaji wa kondoo wa Ujerumani, na chama cha kwanza cha kuzalisha aina hiyo kilianzishwa mwaka 1899 na ofisa wa zamani wa jeshi, Max von Stephanitz. Alichokitaka ni mbwa wa kufanya kazi kutwa: atembee na kundi, azuie kondoo wasiingie shamba la mtu, asikilize mchungaji, na mengine aamue mwenyewe. Upande wake wa pili, mbwa wetu wa kienyeji, ni wa kujitafutia, anajua jalala gani lina utumbo na nyumba gani ina mawe. Pande zote mbili zimeumbwa kwa ajili ya kuhangaika. Huwezi kuifungia damu hiyo kwenye banda ukategemea itulie.

Kabla sijakueleza la kufanya, nimjibu fundi wenu, kwa sababu maneno yake nayasikia kila mahali na yanaumiza mbwa wengi. Kumfungia mbwa hakumfanyi awe mlinzi mzuri. Kunamfanya awe na hofu na wahka. Mbwa asiyeona watu mchana hajui mtu wa kawaida anafananaje, kwa hiyo usiku kila kitu kwake ni hatari: jani, paka, bodaboda. Anabweka kwa yote kwa sauti ileile, na nyinyi ndani mnazoea, hamwamki tena. Siku mwizi akipanda ukuta kweli, mtasema "ni Simba tu." Mlinzi mnayemhitaji ni yule anayenyamaza jani likidondoka na kubweka mtu akishika geti, na huyo hupatikana kwa mbwa anayeyajua mazingira yake, aliyechoka vizuri na aliyelala vizuri. Mbwa mzima mwenye afya hulala nusu ya saa 24 au zaidi, kwa hiyo usiogope kwamba nakutaka ucheze naye kutwa. Nakutaka dakika 15 asubuhi na dakika 15 jioni. Muda unaobaki atalala mwenyewe.

Kazi yenyewe tuianzie puani. Mtu ana vipokezi vya harufu milioni 5 au 6 hivi ndani ya pua. Mbwa ana mamia ya milioni. Siku moja mwinamie Simba anaponusa mchanga, umwangalie kwa karibu. Utaona vumbi linatimka pembeni mwa pua, kulia na kushoto, si mbele. Anavuta hewa kwa matundu ya mbele na kuitoa kwa mipasuko ya pembeni, ili pumzi inayotoka isiivuruge harufu inayoingia. Kiungo kilichotengenezwa kwa ustadi huo hakikuumbwa kikae bure, na kukitumia kunachosha akili kuliko kukimbia. Mbwa aliyenusa kwa bidii dakika 15 hujilaza kama aliyetoka safari.

Nchini kwetu tuna ushahidi mkubwa wa kazi ya pua. Pale Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Panya akipatia, analipwa kipande cha ndizi. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa hapa Tanzania, alifanya kazi Kambodia na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu na PDSA, shirika la Uingereza la tiba ya wanyama. Kama panya anaweza kufanya kazi ya heshima kwa kipande cha ndizi, Simba ataweza kwa dagaa.

Na utafiti wa mbwa wenyewe upo. Mwaka 2019 Charlotte Duranton na Alexandra Horowitz walichukua mbwa wa majumbani, kundi moja wakalipa zoezi la kutafuta chakula kwa pua kwa wiki mbili, kundi jingine wakalifundisha kutembea kwa utii pembeni mwa mwenye mbwa. Kisha wakawawekea bakuli mahali ambapo mbwa hawezi kujua kama lina kitu au ni tupu. Wale waliokuwa wakinusa walilikimbilia haraka zaidi kuliko walivyofanya kabla ya zoezi. Wale wa utii hawakubadilika. Waliokuwa wakinusa walitarajia mema. Mbwa wako anayebwekea jani anatarajia mabaya, na hapo ndipo tunapotaka kumhamisha.

Sasa sikiliza. Huna haja ya kununua kitu. Chakula cha Simba unacho tayari. Unachobadilisha ni namna ya kumpa.

Gawa mlo wake mara mbili, asubuhi na jioni, ujazo uleule. Ugali wa dona ukishapoa, ufinyange matonge madogo ya ukubwa wa jicho la ng'ombe, uchanganye na dagaa. Siku ya kwanza mwonyeshe kopo, sema "tafuta," kisha mwaga matonge kumi hivi kwenye majani, mbele ya macho yake. Asubuhi fanya hivyo kabla hujafungulia kuku, na jioni baada ya kuku kuingia bandani, la sivyo kuku watamaliza kila kitu na Simba atajifunza kugombana nao. Mwache anuse. Usimwonyeshe lililobaki kwa kidole, hata akilipita mara tatu. Kulipita na kulirudia ndiyo kazi yenyewe. Siku zinazofuata tawanya mbali zaidi, kisha mtawanyie akiwa bado bandani, haoni, umfungulie atafute. Baada ya hapo ficha: nyuma ya ndoo, juu ya tofali, kwenye shina la mwembe, chini ya kopo lililofunikwa. Usimwage sehemu yenye njia ya sisimizi, wala usiku wa giza kabla hajazoea.

Kuhusu dagaa, angalia unanunua wapi. Wa Ziwa Victoria huanikwa bila chumvi. Wa kwetu pwani, hasa wanaotoka Zanzibar, huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, kwa hiyo waloweke na kuwasuuza vizuri kwanza. Ule ukoko wa chini ya sufuria usiutupe. Ukaushe juani, uvunje vipande. Una harufu ya moto, unakwaruza meno, na mbwa wanaupenda sana.

Watoto wako ndio watakuwa maofisa wa kazi hii. Wape zamu ya kuficha wakati Simba yuko bandani na mtu mzima yupo. Sheria kwao ni mbili na hazina mjadala: chakula kikishawekwa chini hakuna wa kukiokota tena, na mbwa anayekula hasogelewi.

Akishajua neno "tafuta," ongeza vitu vya kufungua. Trei za mayai za karatasi, zile za kutupwa, weka ukoko kwenye vishimo vyake, funika kwa trei nyingine. Boksi la sabuni, jaza karatasi zilizofinyangwa na dagaa katikati. Gunia kuukuu au kipande cha zile kanga alizozichana, tandaza, panga matonge, viringisha kama mkeka, mpe aikunjue kwa pua na makucha. Chupa ya maji ya lita moja na nusu, toa kifuniko na ile pete yake, tia vipande vya ukoko vinavyopita mdomoni mwa chupa, atajifunza kuigonga na kuisukuma mpaka vitoke. Kuchana trei na boksi si ukorofi. Umempa mwenyewe achane, na mbwa mwenye cha kuchana kwa ruhusa hatafuti kanga. Lakini kaa naye mara za mwanzo. Ukiona anameza karatasi au nguo badala ya kuitema, acha vitu hivyo kabisa, baki na majani na makopo. Chupa ikishapasuka na kuwa na ncha kali, itupe.

Mwangalie usoni na mkiani anapofanya kazi. Akilibwekea boksi, akaliacha na kuja kukutazama, umempa gumu mno. Lifungue kidogo, apate. Akimaliza, akajikung'uta mwili mzima na kwenda kujilaza ubavu, hapo umempa kiasi chake.

Joto la Tanga tunalijua. Kati ya saa 5 asubuhi na saa 10 jioni usimpe kazi ya kukimbia. Badala yake chukua kopo la plastiki, tia maji uliyochemshia dagaa bila chumvi, tupia dagaa wachache, gandisha. Mpe bandani mchana pande hilo la barafu, kwenye kivuli. Atalilamba mpaka liishe, na kulamba kunamtuliza mbwa. Kitu kingine cha mchana ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa vipande vinene na kuanikwa, wanaviita matobolwa kule Usukumani. Kwa jua la kwetu siku chache tu vinakuwa vigumu vya kutafuna. Kimoja kwa siku kinatosha.

Shimo la geti usipambane nalo kwa fimbo. Kumpiga asubuhi kwa shimo alilochimba usiku wa manane hakumfundishi chochote zaidi ya kukuogopa wewe asubuhi. Panga mawe au matofali chini ya geti, halafu mpe mahali pake pa kuchimba: kona moja ya ua, yenye kivuli, mwage toroli mbili tatu za mchanga, zungushia matofali. Fukia matonge na dagaa juujuu mbele yake, kisha kila siku kina zaidi. Akikutwa anachimba getini, mwite kwa sauti ya kawaida, mpeleke kwenye mchanga wake, na awe na kitu cha kukipata pale. Wiki za kwanza hakikisha mchanga una malipo kila usiku unapomfungulia, maana geti nalo lina malipo yake ya harufu na unashindana nalo.

Kuhusu mama mkwe, yote niliyokueleza yanafanyika nje na hayamgusi. Tena msimamo wake usiuchukulie kuwa kikwazo; ni haki yake, na kufuga mbwa kwa ajili ya ulinzi dini haikukataza. Tenga vyombo vya Simba visichanganywe na vya jikoni, kopo la kutawanyia chakula liwe na msumari wake nje, kamba ya nguo ihamishiwe upande ambao Simba hafiki au ipandishwe juu, na nguo za kuswalia zianikwe ndani ya uzio wa nyuma. Ukimwomba mama ushauri wa wapi pawekwe mchanga na wapi kamba ihamie, nadhani utapata mshirika. Anayekaa nyumbani mchana ni yeye, na kelele za Simba zinamchosha kuliko wote.

Sasa nje ya geti. Hapa nataka mume wako ahusike, kwa sababu Simba ana nguvu. Mara tatu nne kwa wiki, alfajiri baada ya swala au jioni jua likishapoa, amtoe atembee nusu saa. Kamba nzuri mnayo mkoani kwenu: katani, ya mita nne au tano, ifungwe kwenye mkanda wa shingo usiobana wala kuchomoka kichwani, na mkononi aifunge kitambaa isimchubue kiganja Simba akivuta. Matembezi haya si gwaride. Wasikimbilie kufika mahali. Simba akisimama kwenye nguzo ya umeme akanusa dakika mbili, baba asimame naye. Anasoma nani amepita, dume au jike, lini, ameelekea wapi. Mbwa aliyesoma mtaa wake hivyo hana sababu ya kubwekea kila kinachosikika huko nje, kwa kuwa anakijua. Kwanza lakini chanjo ya kichaa cha mbwa iwe hai. Hurudiwa kila mwaka, na kama kadi yake imepitwa, ofisi ya mifugo ya kata yenu itakuelekeza. Hakuna kutoka bila hiyo. Na mkirudi mpapase masikioni, kwapani na katikati ya vidole, mtoe kupe.

Ndani ya matembezi na milo hiyo mfundisheni mambo matatu tu: keti, subiri, njoo. Geti halifunguki mpaka ameketi. Kopo la chakula halimwagwi mpaka ameambiwa. Mbwa anayejua kusubiri getini ni mbwa ambaye mgeni anaweza kuingia bila ninyi kupiga kelele, na hapo ndipo mtaweza kumfungulia hata mchana kwa muda, kuku wakiwa wamefungiwa. Lengo liwe hilo. Kwa sasa angalau lisogezeni banda, au mtoboe ukuta wake mmoja mweke wavu, aone uani watu wanavyopika na kufua. Msimgeuzie kichochoroni ambako watoto wa mtaa wanapita wakimrushia mawe. Huko atajifunza chuki.

Vitu vya kumkataza. Gunzi la mahindi ni adui mkubwa kuliko watu wanavyodhani: mbwa hulimeza kipande kizima, haliyeyuki, linaziba utumbo, na nimewapasua mbwa kwa ajili ya gunzi. Kokwa la embe vilevile, na msimu wa maembe muokote yaliyodondoka. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vijiti vyenye ncha. Vitunguu, zabibu na chokoleti ni sumu kwake. Na kama kuna mtu atawashauri mumpe pilipili au bangi ili awe mkali, mkatalieni. Ni ukatili, na Tanzania tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inayomlinda hata mbwa wa getini.

Mnyororo, hapana. Ukimfunga mnyororo umechukua hata zile hatua chache alizokuwa nazo, na mbwa wa mnyororo huuma watoto wa nyumbani. Mbwa wa pili, si sasa. Atakuja kujifunza kwa Simba kubweka na kuchimba, na kazi yako itakuwa mara mbili. Kuuza, mwambie mume wako ampe Simba wiki sita za utaratibu huu kwanza. Msitegemee mabadiliko wiki ya kwanza. Hiyo mara nyingi mbwa anachangamka hata kupita kiasi kwa sababu maisha yamebadilika. Kubweka ovyo huanza kupungua usiku mmojammoja, na mtagundua asubuhi kwamba mmelala.

Nimeuacha mkia mwisho kwa sababu ndio unaonitia wasiwasi. Mbwa kufukuza mkia wake mara moja moja ni mchezo. Mbwa anayezunguka kila siku, asiyesikia akiitwa, ameanza kuingia kwenye mazoea yasiyozuilika, na damu ya German Shepherd ina udhaifu wa jambo hilo. Waambie watoto waache kucheka na kupiga makofi leo hii, kwa sababu makofi ni malipo na Simba halipwi na kitu kingine mchana kutwa. Msimpigie kelele pia. Akianza, mtu amwage matonge mawili matatu karibu naye na kusema "tafuta," kisha aondoke. Na andika saa aliyoanza, maana mara nyingi ni saa ileile kila siku na utaweza kumpa kazi kabla haijafika. Tafuta daktari wa mifugo amkague, kwani wakati mwingine chanzo ni viroboto, minyoo, kidonda kwenye shina la mkia au tezi za haja kubwa zilizojaa. Ukiona amejing'ata mpaka damu, usisubiri. Mrekodi kwa simu akiwa anazunguka, hata dakika moja, umwonyeshe daktari, kwa sababu akishafika kliniki kwenye harufu mpya Simba hatazunguka hata kidogo.